KAZI ISIYOWEKEWA MUDA

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na jamaa zake, na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika darasa letu la usiku wa kuamkia Ijumaa, kijana mmoja alileta suala ambalo nimeona si haki lijibiwe kwa ulimi likapita. Alisema: "Sheikh, huu ni mwaka wa nne natunga utenzi wa maisha ya Mtume (s.a.w.), na beti nilizonazo hazifiki nusu. Rafiki yangu amenishauri nijiwekee muda, niseme kuwa mwezi fulani utakuwa umekwisha. Nami naogopa. Je, kusema hivyo si kujidai kuijua ghaibu? Si adabu zaidi niseme kuwa nitaumaliza Mungu akinijaalia, kisha ninyamaze?"

Waliohudhuria waligawanyika. Mtu mzima mmoja, fundi wa milango ya nakshi, alisema kuwa kazi ya sanaa haina saa. Huja yenyewe na huenda yenyewe, na mwenye kuikimbiza huiharibu. Mwingine alisema kuwa maneno hayo ni uvivu uliovishwa kanzu. Mimi nilisema kuwa jawabu nitaliandika. Nilisema hivyo kwa kuwa suala lile lilinihusu mimi kabla ya kumhusu yule kijana, na sikupenda kumpa mtu fatwa katika jambo ambalo mwenyewe nina deni nalo.

Deni langu ni hili. Miaka kumi na miwili iliyopita marehemu mwalimu wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliniita kitandani kwake akanikabidhi madaftari matatu. Ndani yake alikuwa ameandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, majibu ya masuala ya fiqhi aliyokuwa akiulizwa na wanawake wa mtaani kwetu: mambo ya twahara, ya eda, ya mirathi, ya haki za mke na mume. Ilikuwa ni kazi ya miaka mingi. Aliniambia niyapange kwa milango, nitie dalili pale ambapo hakuziandika, kisha nikichapishe kiwe kitabu kidogo cha bei nafuu. Nilimjibu, "Inshallah, mwalimu." Siku ya tisa baada ya hapo alifariki.

Nikayatia madaftari katika sanduku la mbao. Mwaka wa kwanza niliupanga mlango wa twahara. Mwaka wa pili mpangilio ule haukunipendeza, nikaufumua, nikaanza upya. Kisha zikaja shughuli za madrasa, na za watoto, na za harusi na mazishi ambazo hazimwishii mtu maishani. Kulla aliyeniuliza habari ya kitabu nilimwambia inshallah. Siku nilipolifungua tena lile sanduku, nalo ni mwaka wa kumi na moja, nilikuta mchwa wamepanda kutoka sakafuni. Daftari la tatu, lenye mlango wa mirathi, lilikuwa limeliwa. Nilipolinyanyua, nilibaki na jalada na udongo. Nilikaa nalo magotini mpaka ikaadhiniwa Alasiri. Wale wanawake waliouliza masuala yale, wengi wao wamekwisha kufa. Na majibu waliyopewa nimeyaua mimi.

Basi ndugu msomaji ajue kuwa mwandishi wa maneno haya hakai juu ya mimbari akiwatazama wavivu walio chini. Ni mmoja wao.

Miezi michache baada ya msiba huo nilialikwa Mwala, katika nchi ya Machakos, na Waislamu wachache wanaoishi huko, niwasomeshe watoto wao wakati wa likizo. Mtu akitoka Mombasa kwenda huko huiacha minazi na kuingia katika nchi ya vilima na mito ya mchanga, ambayo siku nyingi za mwaka mtu huivuka kwa miguu mikavu. Mwenyeji wangu aliniona mnyonge, akanichukua siku moja mpaka Wamunyu, ambako si mbali, tukatazame wachongaji.

Jina la Wamunyu halipaswi kuwa geni kwetu watu wa pwani. Wachongaji wa Kikamba tunaowaona Changamwe, ambao chama chao cha ushirika kilianzishwa mwaka 1963, fani yao ina mizizi huko. Husimuliwa kuwa ililetwa na mtu mmoja, Mutisya Munge, aliyechukuliwa Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, vya 1914 hadi 1918. Huko aliwaona wachongaji, akajifunza kwao, akarudi nayo kwao Wamunyu. Kazi aliyoianza mtu mmoja kwa mkono wake imekuja kulisha nyumba nyingi.

Najua hapa msomaji atanikatiza: "Sheikh, hao wanachonga wanyama, nawe unajua hukumu ya sanamu." Naijua, wala sikuandika kuihalalisha. Lakini msomaji naye akumbuke ile habari iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyemwendea Ibn Abbas (r.a.) akamwambia kuwa riziki yake ni kazi ya kufanya picha. Ibn Abbas alimsomea onyo la Mtume (s.a.w.), na alipoona uso wa yule mtu umegeuka rangi, alimwonyesha mlango: kama huna budi, fanya miti, na kila kisicho na roho. Na mzee niliyekaa naye Wamunyu siku ile kazi yake ilikuwa ni miiko, bakuli na bakora.

Mzee huyo alikuwa ameketi chini ya mti, na gogo bichi baina ya miguu yake, na tezo mkononi. Kabla ya kugusa gogo alichukua kipande cha makaa akatia alama. Nilimuuliza ile alama ni ya nini. Alinijibu kuwa hapo ndipo atakapofika leo. Nikamuuliza, na bakuli litakwisha lini? Alisema siku ya nne, Mungu akitaka, na siku ya tano huwapa watu wa nyumbani walipige msasa. Kisha nikaona karibu yake chungu ya vipande vilivyoanzwa: bakuli lisilo na tumbo, bakora isiyo na kichwa, vyote vina nyufa. Nikadhani vinangoja zamu yao. Mzee akacheka. Akanieleza kuwa mti mbichi ukikatwa ukaachwa, nje hukauka kabla ya ndani, ukapasuka. Ndiyo sababu kazi ya jana huifukia katika maranda au kuiweka kivulini, na asubuhi huirudia upesi. Vile vipande ni vya mwanawe, aliyekuwa akianza kipya kila apatapo fikra mpya. "Hivyo, Shehe, ni kuni," alisema.

Mwenyeji wangu hakujua kwa nini nilinyamaza njia nzima ya kurudi. Nilikuwa nikifikiri juu ya sanduku langu. Kwa miaka kumi na moja nilijiambia kuwa nina nusu ya kitabu. Nilikuwa na kuni.

Sasa tuirudie hoja ya kijana wetu, kwani ina sura ya ucha Mungu na hatuwezi kuipuuza. Anasema kuwa kuweka muda ni kujidai kuijua kesho. Dalili iliyo moyoni mwake, bila ya shaka, ni aya za Suratul Kahf ambamo Mtume (s.a.w.) alikatazwa kusema juu ya jambo lolote kuwa atalifanya kesho, ila kwa kulifungamanisha na mapenzi ya Mwenyezi Mungu. Aya hizo tumezisoma sote, walakini tuzitazame vizuri zimekataza nini. Hazikukataza mtu kuwa na kesho. Hazikukataza kulitaja jambo wala kuutaja wakati wake. Zimekataza kulitaja na kumsahau Mwenye kesho.

Tena tazama: wanavyuoni huliita neno inshallah kuwa ni istithnaa, maana yake kutoa, kubakisha. Mtu huamua jambo, kisha hulitoa katika uwezo wake na kuliweka katika mapenzi ya Mola wake. Basi asiyeamua lolote, anatoa nini? Mwenye kusema, "Nitaandika mlango wa eda mwezi huu, inshallah," ametaja azma na ametaja unyenyekevu. Mwenye kusema, "Tutaandika, inshallah," na moyoni hana mwezi wala mlango, hakunyenyekea kwa Mwenyezi Mungu. Amelifanya jina la Mwenyezi Mungu pazia la kujifichia. Na sisi watu wa pwani, Mwenyezi Mungu atusamehe, pazia hili tumelishona kila nyumba. Fundi akiulizwa kabati, inshallah. Mdaiwa akiulizwa deni, inshallah. Mpaka wageni wetu wamefahamu kuwa neno hili tukufu maana yake ni "hapana". Hii ni dhulma tuliyolifanyia neno la Qur'ani, nami nimeifanya miaka kumi na moja.

Ama tawakkul, hadithi ya yule mtu na ngamia wake iko wazi, naye ni yule aliyeambiwa na Mtume (s.a.w.) amfunge kwanza kisha ategemee. Muda na kiasi ndiyo kamba ya ngamia huyu.

Sharia yetu haikuuona muda uliotajwa kuwa ni ujeuri. Kinyume chake, imeuamrisha pale ambapo haki ya mtu inaogopewa kupotea. Aya ya deni katika Suratul Baqara, nayo ndiyo aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, imewataka waumini wakikopeshana mpaka muda uliotajwa, waandike, na waweke mashahidi. Na Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wanalipa fedha mbele kwa tende zitakazovunwa mwaka mmoja au miwili ijayo. Hakuwakataza kuiuza kesho. Aliwawekea sharti: kipimo kijulikane, uzani ujulikane, na muda ujulikane. Hii ndiyo biashara ya salam, na kila aliyesoma fiqhi ya Imamu Shafi anazijua sharti zake. Hebu tuulizane: tende bado hazijachipua, mvua haijulikani, na muuzaji huenda akafa, vipi yafaa kutaja muda? Yafaa kwa sababu muda haudai kuijua ghaibu. Muda huonyesha wajibu. Mauti yakija, wajibu huondoka au huhamia kwa mrithi. Yasipokuja, mtu anajua amechelewa.

Kazi ambayo mtu ameiahidi nafsi yake kwa ajili ya Mwenyezi Mungu ni deni la namna hiyo. Isipokuwa na kipimo wala muda, hakuna siku hata moja ambayo mwenyewe anaweza kusema, "Leo nimechelewa." Na hilo ndilo linalotupendeza ndani yake. Kazi isiyo na muda haichelewi kamwe, na kwa hiyo haimhukumu mwenyewe. Hulala naye kwa amani mpaka mchwa waje.

Huenda mtu akauliza: je, wanavyuoni wakubwa hawakuacha kazi nusu? Waliacha, na katika habari zao mna mafunzo mengi. Imamu Nawawi, ambaye hakuna madrasa ya pwani isiyomjua, alifariki mwaka 676 wa Hijra, umri wake miaka kama arubaini na mitano, na kitabu chake kikubwa Al-Majmuu kimesimama katika mambo ya biashara. Imamu Subki alikishika akaongeza, naye asikimalize. Kikaja kukamilishwa na mwanachuoni wa Misri wa karne iliyopita, Sheikh Muhammad Najib al-Mutii. Kadhalika Tafsiri ya Jalalayn tunayoisoma misikitini. Jalaluddin al-Mahalli alianza na Suratul Kahf mpaka mwisho wa Qur'ani, akarudi kwenye Al-Fatiha, mauti yakamkuta mwaka 864. Baada ya miaka sita Jalaluddin as-Suyuti, kijana wa miaka ishirini na mmoja, aliianza sehemu iliyobaki siku ya kwanza ya Ramadhani ya mwaka 870, akaimaliza tarehe kumi ya Shawwal. Zilikuwa siku arubaini, na yeye mwenyewe ameziandika, kwa kuulinganisha muda wake na muda wa miadi ya Nabii Musa (a.s.).

Na hapa kwetu, nani asiyemjua Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui? Alizaliwa Mombasa mwaka 1891. Alitoa Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akawa Kadhi Mkuu wa Kenya tangu 1937, na mauti yakamfika mwaka 1947 na tafsiri yake ya Qur'ani haijakamilika. Walakini kurasa alizoziandika zilikuwa zimepangwa, zinasomeka, na mwanafunzi wake Sheikh Muhammad Kasim Mazrui alijua pa kuzishika. Sehemu ya mwanzo, Al-Fatiha na Al-Baqara, ilichapishwa Nairobi mwaka 1980.

Basi tutenganishe mambo mawili ambayo kwa macho hufanana. Iko kazi iliyokatwa na mauti, na iko kazi iliyotupwa na mwenyewe hali yu hai. Ya kwanza mwenyewe alikuwa njiani, na alama ya makaa ya siku ile iko juu ya gogo. Anayekuja baada yake huona palipofikiwa akaendelea. Ya pili haina alama. Mwenyewe hajui alikofika, sembuse mwengine? Ya kwanza tunataraji ujira wake utimie kwa nia. Ya pili mtu ataulizwa umri wake aliumalizia wapi.

Sasa hoja ya fundi wetu wa milango, kuwa sanaa haina saa. Ndani yake mna ukweli. Mwenyezi Mungu hupenda mtu afanyapo kazi aifanye kwa ufundi kamili, kama ilivyopokewa na Baihaqi kwa Bibi Aisha (r.a.), na kazi iliyokurupushwa ni aibu. Lakini muda si lazima uwe mfupi. Ibn Hajar al-Asqalani aliianza Fat-hul Bari mwaka 817 na kuimaliza mwaka 842, miaka ishirini na mitano. Kilichomfikisha ni kuwa alikuwa akiandika kidogo kidogo, na siku moja katika kila wiki wanafunzi wake hukusanyika, kile kilichoandikwa kikasomwa, kikapimwa na kusahihishwa. Naye Sheikh Abdalla Saleh al-Farsy alikuwa mwalimu wa skuli, kisha Kadhi, hana mwaka hata mmoja wa faragha. Alitoa tafsiri yake kwa vipande vidogo vidogo katika miaka ya 1950, na mwaka 1969 Qurani Takatifu ikatoka Nairobi nzima. Je, fundi wetu akiagiziwa mlango wa nyumba ya harusi, hautaji muda? Huutaja, na ufundi wake haupungui. Ufundi humtoroka pale tu mlango unapokuwa wake mwenyewe.

Ipo hofu nyingine iliyojificha chini ya hoja hii, nami naijua kwa kuwa ndiyo iliyonifanya niufumue mlango wa twahara. Ni hofu ya kuonekana. Maadamu kitabu kimo sandukuni, ni kitabu kizuri kuliko vyote. Hakina kosa, hakuna aliyekicheka. Kikitoka, watu wataona mipaka ya elimu yangu. Nilikuwa nikiita hofu hii unyenyekevu. Ukiichunguza, ni kiburi: mtu amependa sifa ya kitabu asichokiandika kuliko manufaa ya kitabu chenye kasoro. Kitabu kilichokwisha, kikiwa na kosa, ndugu atalisahihisha. Kisichokwisha hakisahihishiki. Mwenyezi Mungu katika Suratun Nahl ametutahadharisha tusifanane na yule mwanamke aliyeusokota uzi wake ukawa imara, kisha akaufumua nyuzi nyuzi. Aya hiyo imekuja katika kuvunja viapo na ahadi. Lakini kila nikiisoma sasa naiona mikono yangu.

Limebaki suala moja la haki: je, kila kilichoanzwa lazima kimalizwe? Wanavyuoni wamekhitalifiana katika ibada za sunna. Kwa Mahanafi, aliyeingia katika sala au saumu ya sunna imekuwa wajibu kwake kuitimiza, kwa makatazo ya kubatilisha amali yaliyomo katika Suratu Muhammad. Kwetu sisi Mashafi si wajibu, isipokuwa hija na umra, Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliamka amefunga sunna, nyumbani kwake kukaletwa haisi, akala. Kwa kipimo hiki nasema: mtu akianza kazi yake mwenyewe kisha akaona haina kheri, au iko iliyo bora zaidi, ana ruhusa kuiacha. Lakini aiache kwa kusema, "Nimeiacha," na amfungulie anayeitaka. Asiifungie sandukuni na kuendelea kujiita mwenye kitabu. Na ikiwa ndani yake mna haki ya mtu mwingine, kama amana ya mwalimu wangu, hapo hakuna ruhusa. Hiyo si sunna, ni deni.

Kwa hayo, jawabu la kijana wetu, na la kila mwenye utenzi, au nasaba ya ukoo, au kofia ya viua iliyolala mkobani, ni mambo matano.

Kwanza, aisafishe nia na kujua kazi hii ni ya nani. Akijua kuwa ni kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na manufaa ya watu, hofu ya kuchekwa hupungua.

Pili, ajiwekee kipimo kidogo cha kila siku. Bibi Aisha (r.a.) amepokea kuwa amali impendezayo Mwenyezi Mungu zaidi ni idumuyo, ingawa ni kidogo. Ikiwa utenzi wake umebakiwa na beti 600, beti tano kwa siku ni siku 120, yaani miezi minne. Amekaa miaka minne akiingoja siku moja atakayotunga beti mia.

Tatu, autaje muda, kwa mwezi na tarehe, na aseme inshallah akiwa na kitu cha kukisemea.

Nne, aweke shahidi. Deni huandikwa mbele ya mashahidi, na Ibn Hajar alikuwa na wanafunzi wake wa kila wiki. Huko Mwala niliona matuta yamezunguka vilima kama ngazi. Wazee wa nchi ile walishurutishwa kuyachimba zama za wakoloni, wakachukia. Kisha wakayachimba kwa hiari yao, kwa vikundi vya kazi wanavyoviita mwethya, leo shamba la huyu, kesho la yule. Mtu peke yake mbele ya kilima hukata tamaa. Anayejua kuwa jirani zake watafika na majembe asubuhi, huamka.

Tano, aandike wasia wa kazi yake. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa Mwislamu mwenye jambo la kuusia haimfai kulala siku mbili bila ya wasia wake kuwa umeandikwa kwake. Tunausia nyumba na mashamba. Nani ameusia karatasi zake? Aandike ziko wapi, zimefika wapi, na nani azishike. Tena azinyanyue kutoka sakafuni.

Ama mimi, niliporudi kutoka Mwala nililiambia darasa letu deni langu, na haikuwa rahisi, kwani wengine wao mama zao ni miongoni mwa wale waliouliza. Nimejiwekea ukurasa mmoja kila siku baada ya sala ya Alfajiri. Madaftari mawili yaliyosalimika yatafanya kurasa kama 160, na leo niko katika ukurasa wa 94. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa yule kijana wa utenzi huniuliza nimefika wapi, nami humuuliza yeye. Inshallah kitabu kitakwisha kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani.

Mlango wa mirathi hautakuwemo kama alivyouandika mwalimu. Nimewaendea bibi watatu waliobaki hai. Wawili wamekumbuka masuala waliyouliza, na mmoja amekumbuka jawabu. Hayo nitayaandika kama walivyoyasema. Pengine pote nitaacha nafasi tupu na kueleza sababu yake, wala sitaijaza kwa maneno yangu nikayaita yake. Atakayekifungua kitabu hicho ataiona ile nafasi, na ajue kuwa iliachwa na mtu aliyesema inshallah bila ya kuitia tarehe.

Katika Suratul Inshirah Mwenyezi Mungu amemwamrisha Mtume wake kuwa akimaliza jambo asimame kwa jingine. Hakuna kusimama kwa la pili ambako hakukumalizwa la kwanza. Tunamwomba atuwezeshe kumaliza tulivyovianza, atusamehe tulivyovipoteza, na awarehemu walimu wetu waliotuamini kuliko tulivyostahiki.

Wabillahi taufiq.